Mbungo Hautambuliki kwa Utomvu Pekee

Nani katika sisi watu wa pwani asiyeijua sharubati ya bungo? Lakini bungo twalijua sokoni. Mmea wenyewe, wengi wetu twaupita msituni tusiutambue.

Juzi nilikuwa msituni upande wa Kwale na mwana wa dada yangu. Akachanja mmea mnene uliopanda mtini, ukatoa utomvu. "Mjomba, mbungo huu!"

Nikamwambia, "Taratibu, mwanangu. Kadhi hahukumu kwa shahidi mmoja."

Shahidi wa kwanza ni jani. Majani ya mbungo hutoka mawili mawili, yakielekeana, nayo ni laini. Wa pili ni utomvu: mweupe, mwingi, wenye kunata. Wa tatu ni ua: jeupe, lenye manjano kooni, hunukia, na hukaa kwa vishada. Wa nne ni tunda: la mviringo, likiiva huwa rangi ya chungwa, na ndani mbegu zimevikwa nyama ya uchachu.

Mashahidi wote hao wa nini? Ni kwa kuwa mbungo, ambao wataalamu huuita Saba comorensis, una jamaa mwenye sumu, Strophanthus kombe. Naye hupanda miti, majani yake huelekeana, na akichanjwa hutoa utomvu. Lakini jani lake lina vinywele, petali za ua lake zina mikia mirefu inayoning'inia, na tunda lake ni maganda mawili yaliyotanuka kama pembe, yenye mbegu za manyoya.

Sumu hiyo wawindaji waliipaka mishale. John Kirk, tabibu wa msafara wa Livingstone wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, mswaki wake uliigusa. Akaonja uchungu, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Baadaye wataalamu wakatoa humo dawa ya moyo. Lakini dawa hupimwa na tabibu, haichumwi na mpita njia.

Tukapapasa majani ya mmea wetu: yakakwaruza vidole. Ua hapana, tunda hapana. Kijana akafuta kisu chake, akanawa mikono, tukauacha.

Baba yetu Adamu, amani iwe juu yake, alifunzwa majina ya vitu. Nasi wenye watoto tuwafunze yetu, tena kwa jani, kwa ua na kwa tunda, kabla mkono haujafika kinywani.