Jalada kama Matini: Usomaji wa Michoro ya Majalada ya Riwaya Pendwa

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi pendwa, jalada la kitabu hutajwa kwa nadra, na likitajwa huchukuliwa kuwa pambo la biashara. Makala haya yanafafanua kwa nini jalada lastahili kusomwa kama matini. Mifano imetolewa katika riwaya za jalada laini za Marekani za kuanzia 1939 hadi miaka ya 1960, kisha riwaya pendwa za Kiswahili zinaguswa.

2. Chimbuko la mtindo

Mwaka 1939 kampuni ya Pocket Books ilianza kuuza vitabu vidogo vya jalada laini kwa senti 25 za Marekani. Vitabu hivyo havikutegemea maduka ya vitabu pekee. Vilisambazwa pamoja na magazeti, vikapangwa katika vibanda na maduka ya dawa. Mnunuzi hakuwa na muuzaji wa kumshauri. Kwa mtazamo mmoja, mchoro ulipaswa kumjulisha aina ya hadithi, mandhari yake na hisia zinazoitawala. Mwaka 1950 kampuni ya Fawcett ilianzisha Gold Medal Books, iliyojikita katika miswada mipya badala ya kurudia vitabu vilivyokwisha kutoka kwa jalada gumu. Kwa kuwa kazi hizo hazikuwa na tahakiki za awali, uzito wa jalada uliongezeka.

3. Mchoro kama fasiri

James Avati (1912–2005), aliyechorea Signet, alipendelea uhalisia: watu wa kawaida, vyumba vilivyochakaa, nyuso zenye uchovu. Jalada lake la *The Catcher in the Rye* (1953) linamwonyesha kijana mwenye kofia nyekundu na sanduku la safari katika mtaa wa starehe. J. D. Salinger hakuridhika nalo. Toleo la Bantam la 1964 likatoka bila mchoro, likiwa na jina la kitabu na la mwandishi tu. Tofauti hiyo ni ya kimaana: jalada la kwanza humpa mhusika sura kabla hajasema neno, ilhali la pili humwacha msomaji amjue kwa sauti yake.

Dola nayo iliitambua nguvu hiyo. Mwaka 1952 kamati teule ya Bunge la Wawakilishi la Marekani, chini ya Ezekiel Gathings, ilichunguza vitabu vya bei nafuu, ikiwamo *Women's Barracks* ya Tereska Torrès. Majalada nayo yalilaumiwa. Lawama hizo hazikukosa msingi wote, kwani majalada mengi yaliugeuza mwili wa mwanamke kuwa chambo hata pale hadithi haikudai hivyo. Kwa hiyo kuithamini sanaa hii si kuisifu yote; ni kuonyesha inavyoelekeza usomaji, kwa wema au kwa ubaya.

4. Funzo kwa Kiswahili

Riwaya pendwa za Kiswahili, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla na *Simu ya Kifo* (1965) ya Faraji Katalambulla hadi visa vya Willy Gamba vya Elvis Musiba, nazo zilimfikia msomaji zikiwa na majalada. Hata hivyo, matoleo mapya huweza kubadili mchoro, na maktaba inapojalidi upya kitabu kilichochakaa, jalada la awali huweza kutupwa. Matini ya maneno husalia. Ushahidi wa namna kitabu kilivyojitambulisha kwa wasomaji wake wa kwanza hupotea.

5. Hitimisho

Hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, maktaba zihifadhi jalada la awali ndani ya jalada jipya, au zipige picha pande zake zote kabla ya kujalidi. Pili, katalogi iwe na nafasi ya jina la mchoraji, pamoja na saini yoyote inayoonekana kwenye mchoro. Tatu, wachapishaji walitaje jina hilo katika ukurasa wa hakimiliki. Karatasi za bei nafuu hugeuka manjano na kukatika upesi. Kazi hii haiwezi kungoja mpaka nakala za mwisho zimeraruka.