Herini za Waya na Shanga: Pesa Iende Wapi?

Anayetaka kujitengenezea herini nyumbani hapa Voi kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya shanga. Mimi ningemwambia aanze na ndoano, kile kipande kinachopita sikioni. Herini ikiwasha sikio, hata iwe na shanga za kupendeza namna gani, haivaliwi tena.

Waya wa shaba wa milimita 0.8 unatosha kwa ndoano. Gramu 100 zake ni takriban mita 22, na jozi moja ya ndoano hula kama sentimita 10, kwa hiyo unapata ndoano za jozi 200 na zaidi. Ukigawanya bei kwa hesabu hiyo utaona kwamba shaba si ghali hata kidogo. Waya mweusi wa kufungia nondo ni rahisi zaidi, lakini kwa joto na jasho la Voi utashika kutu upesi, uache hardware. Vipande vya waya wa stima vinavyobaki fundi akimaliza kazi ni vinene mno kwa sikio, ila ukivimenya vinafaa sana kwa pete kubwa za herini. Mwenye masikio mepesi kuwasha anunue ndoano za fedha au za chuma kisichoshika kutu. Zile za kung'aa zinazouzwa rahisi bila maelezo huenda zina nikeli, na nikeli ndiyo huwasha wengi.

Shanga ndogo za kioo zina tundu jembamba ambalo waya wa 0.8 mara nyingi haupiti. Hizo zinataka waya wa 0.4. Za kutoka Cheki huuzwa ghali kuliko za China, lakini hulingana ukubwa, na mstari hutoka umenyooka. Kwa herini ya kuning'iniza shanga mbili tatu, chukua za China. Kwa duara lililojazwa shanga tupu, ongeza pesa.

Ukiamua kuzifuata Mombasa, nauli nayo ni gharama. Tuseme kwenda na kurudi ni shilingi 1,000: ukileta shanga za jozi 20, kila jozi imebeba shilingi 50 kabla hujakata waya. Zikiwa za jozi 100, ni shilingi 10. Afadhali usubiri, muagize pamoja na majirani.

Kisha kuna mawe yetu wenyewe. Tsavoriti, ile ganeti ya kijani ambayo kampuni ya Tiffany ya New York iliipa jina la Tsavo mwaka 1974, huchimbwa katika kaunti hii. Usijaribu kuitoboa: inahitaji ncha ya almasi, na kipande kidogo hupasuka. Kizungushie waya tu. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni, udai risiti, na ujaribu kwa tupa pembeni mwa jiwe ambalo halijakatwa. Kioo cha kijani hukwaruzika; tsavoriti haikwaruziki.

Kwa vifaa, usibane mkono kwenye koleo la mdomo wa mviringo. La bapa lenye meno, la fundi wa stima, huacha alama kwenye shaba na kitanzi hakitoki mviringo. Tupa ile ile ya kupimia jiwe italainisha ncha ya ndoano. Isugue mpaka ukiipitisha kwenye kitambaa laini isinase uzi, ndipo uivae au uiuze.