Simu ya Mama Hulala kwa Mama

Wazazi wakibishana kuhusu simu janja ya mtoto, hubishania yaliyomo: katuni gani, michezo gani. Ni hoja ya maana, ila kwa mtoto wa chekechea mimi huanza kuuliza jingine: saa tatu usiku, simu hiyo iko wapi? Simu ya mama ina ukomo. Bando linaisha, shangazi anapiga, au mwenyewe anaitaka. Mtoto atalia kidogo, basi. Simu aliyonunuliwa mtoto huingia naye chandaruani.

Na humo ndimo lilimo tatizo. Giza likiingia, tezi ndogo ndani ya ubongo iitwayo pineali huanza kutoa melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umefika. Mwanga ukigonga jicho, homoni hiyo hupungua. Kwa mtoto hupungua zaidi, kwani mboni zake ni pana na lenzi zake bado angavu, hivyo mwanga mwingi hupenya hadi nyuma ya jicho.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, walichapisha jaribio walilolifanya majumbani kwa watoto 10 wa miaka 3 hadi 5. Madirisha yalizibwa, taa zikafifishwa, nyumba ikawa pango. Kisha, kabla ya kulala, watoto wakachora kwa saa moja juu ya meza yenye mwanga mkali, huku wakitafuna pamba ili mate yao yapimwe. Melatonini ilishuka kwa takriban asilimia 88. Dakika 50 baada ya mwanga kuzimwa, kwa wengi wao ilikuwa bado chini.

Utasema meza si simu. Kweli: ilitoa mwanga wa lux 1,000, na simu haifiki huko. Mwaka 2022 watafiti hao walitoa matokeo ya watoto 36: hata lux 5 hadi 40, hafifu kuliko sebule nyingi usiku, ziliishusha melatonini kwa wastani wa asilimia 78. Kwa hiyo kupunguza mwanga wa kioo si kinga kubwa. Ni haki kuongeza kwamba kilichopimwa ni homoni, si usingizi wenyewe.

Usingizi nao una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, na kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule, hata ukimhesabia saa moja ya usingizi wa mchana, awe amelala saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza.

Ama mzazi anayetaka tu kumpata mtoto mkubwa kidogo akichelewa kutoka madrasa, amnunulie kitochi. Kinapiga, kinapokea, chaji inakaa, na sijaona mtoto aliyekesha nacho.