Kampuni Inapobadilisha Prosesa: Kisa cha Apple

Kikundi kikipewa kompyuta ya zamani, kwanza huwa ni furaha, halafu huja swali: mbona programu hii mpya inakataa kuingia? Mashine inawaka, skrini ni nzima, kibodi haina kasoro. Mara nyingine shida haiko kwa umeme wala kwa fundi. Iko ndani, kwenye prosesa.

Prosesa ni kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Kila aina ya prosesa huelewa lugha yake tu. Programu iliyotengenezewa prosesa nyingine ni kama barua ya Kijaluo aliyopelekewa mzee asiyejua ila Kimeru. Barua ni nzuri, lakini haisomeki.

Sasa kampuni ya Apple ya Marekani imebadilisha lugha hiyo mara tatu. Macintosh ya kwanza, mwaka wa 1984, ilikuwa na prosesa ya Motorola. Mwaka wa 1994 wakahamia PowerPC, ambayo Apple, IBM na Motorola walishirikiana kuitengeneza. Halafu Juni 6, 2005, mkubwa wa kampuni, Steve Jobs, akasimama mbele ya watengenezaji wa programu huko San Francisco akasema: tunahamia Intel.

Kwa nini? Mwaka wa 2003 alikuwa ameahidi kompyuta ya kasi ya gigahezi 3 katika miezi 12. Miaka miwili ikapita, ahadi haijatimia. Tena prosesa ile, G5, ilikula umeme mwingi na kutoa joto jingi, hata ikashindikana kuiweka kwa laptopu.

Lakini uamuzi kama huo si mchezo. Fikirieni mtu anayeuza vinu vya kusaga unga. Akitangaza kwamba mwakani vinu vyake vitakuwa na injini ya aina nyingine, nani atanunua cha leo? Na spea itatoka wapi? Apple walikuwa wamejipanga. Kwa siri, kwa miaka mitano, kila toleo la Mac OS X lilikuwa likitengenezwa liweze kukubali Intel pia. Hata mashine aliyotumia Jobs siku hiyo kuonyesha watu mambo yake ilikuwa ya Intel, nao hawakujua mpaka alipowaambia!

Pia waliweka mkalimani, programu iitwayo Rosetta. Mmeona mhubiri mgeni akihubiri na mkalimani kando yake: neno linafika, lakini ibada inakuwa ndefu. Ndivyo ilivyokuwa. Programu nyingi za zamani ziliendelea kufanya kazi, ila polepole. Walipanga kumaliza kuhama mwisho wa 2007, wakamaliza Agosti 2006.

Kampuni ilifaidika. Mteja je? Aliyenunua PowerPC mwaka wa 2005 alikuta mfumo wa 2009, Snow Leopard, unaikataa mashine yake. Miaka minne tu! Mwaka wa 2011 mkalimani naye akaondolewa, na waliotegemea programu za zamani wakakwama walipoweka mfumo mpya.

Mwaka wa 2020 wakahama tena, safari hii kwenda prosesa zao wenyewe, ya kwanza ikiitwa M1. Walimaliza Juni 2023. Na 2025 wakatangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kukubali mashine za Intel.

Kwa hivyo mkiletewa Mac ya mtumba, kabla mweka hazina hajatoa pesa, bonyezeni alama ya tofaa iliyo juu kushoto, mchague mstari wa kwanza. Jina la prosesa litaonekana. Likiwa Intel, si kusema mashine haifai. Kuandika barua na kuweka hesabu za kikundi bado itaweza. Lakini muuzaji asiwatoze bei ya M1.