MGONGO WA PUNDA NA RIZIKI YA KIJANA

Alitujia mzee mmoja wa huku kwetu Kilosa baada ya sala ya Alasiri, naye uso umemkunjamana. Mwanawe wa pili, aliyemaliza darasa la saba na kuhitimu Kurani katika madrasa yetu, amekataa kwenda Dar es Salaam kuuza nguo barabarani. Asubuhi huzunguka kwa majirani akitazama migongo ya punda. Jioni huketi na sindano ya magunia akishona mito ya matandiko. "Mwalimu," alisema mzee yule, "nimwambie nini? Watu wananicheka kwamba mwanangu amekuwa saisi wa punda." Hatukumpa jibu siku ile, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa na deni katika jambo hilo, nalo tutalitaja mbele.

Kwanza yatupasa kujua kazi yenyewe. Katika nchi za farasi wengi wako watu wa namna tatu wanaopata riziki zao kwa mnyama huyo bila ya kuwa madaktari. Wa kwanza hukanda misuli ya farasi aliyechoka au aliyekakamaa. Wa pili hupima tandiko likae sawa mgongoni. Wa tatu humfundisha mpandaji namna ya kukaa na kushika hatamu, kwa kuwa mpandaji aliyelemea upande mmoja humuumiza mnyama hata kama tandiko ni zuri. Huko Uingereza mafundi wa matandiko wana chama chao tangu mwaka 1966, na anayetaka kuitwa mpimaji wa matandiko hufunzwa na kutahiniwa. Aghalabu mtu mmoja huziunganisha kazi hizi, maana mgongo unaouma, tandiko baya na mpandaji asiyejua ni ndugu watatu.

Msomaji atauliza: farasi wako wapi Kilosa? Hawapo, na sababu yake ni ya zamani. Mwaka 1871 Stanley alipoondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Hata Morogoro hajafika, farasi wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Na alipovuka mbuga ya Mkata katika mvua za masika, punda wake wengi walikufa pia. Mbuga hiyo ndiyo ile tuipitayo kati ya Morogoro na Kilosa, na sehemu yake imo katika Hifadhi ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Humo wamo mbung'o, na mbung'o huchukua vijidudu vya ugonjwa wa nagana, vilivyogunduliwa na daktari David Bruce huko Afrika ya Kusini mwaka 1895. Farasi akiupata ugonjwa huo hapati nafasi kubwa ya kupona. Punda hustahimili kidogo kuliko farasi, lakini naye hasalimiki. Akidhoofu na kupata homa, ni wajibu aonwe na mganga wa mifugo upesi.

Basi Mwenyezi Mungu ametupa punda. Sura ya An-Nahl, katika aya yake ya 8, imewataja farasi, nyumbu na punda pamoja, wala haikumwacha punda nje ya neema hiyo. Nyumbu huyo ni yule anayezaliwa na punda na farasi, si yule wa mwituni anayeonekana na wasafiri huko Mikumi. Na punda si mgeni katika bara letu: uchunguzi wa nasaba uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa dunia wanatokana na wale waliofugwa Afrika yapata miaka 7000 iliyopita. Hapa wilayani petu, tazameni vijiji vya wafugaji kama Parakuyo. Maji ya nyumba nzima huja juu ya mgongo wa punda. Punda akianguka, mama ndiye anayebeba dumu kichwani, na binti ndiye anayekosa shule.

Sasa tuutazame ufundi. Uti wa mgongo wa punda umejitokeza, wala hauna nyama ya kuukinga. Kwa hiyo mzigo haufai kulala juu ya uti, bali juu ya mbavu, kulia na kushoto. Fundi hushona mito miwili minene, akaacha mfereji katikati ili mkono upite na hewa ipite. Huijaza majani makavu au sufi, akaifunika kwa turubai au gunia safi. Mkanda wa tumbo hukaa nyuma ya miguu ya mbele pasipo kuchubua kwapa. Mkanda wa kifua huzuia shogi lisirudi nyuma mlimani, na mkanda wa nyuma hulizuia lisiteleze mbele mteremkoni. Kamba ya nailoni na mpira wa gurudumu hukata ngozi. Mkanda mpana wa pamba au ngozi laini ndio unaofaa.

Kosa jingine ni nira. Ng'ombe wetu ana nundu, na nira huegemea hapo. Punda hana nundu. Nguvu zake zimo kifuani na mabegani. Anayemvisha punda nira ya ng'ombe humtoboa shingo, kisha humpiga kwa kuwa havuti. Fundi anayejua kushona ukanda wa kifua kwa ajili ya mkokoteni ataondoa fimbo nyingi kuliko mahubiri yetu.

Pili ni mikono. Kila mzigo unapoteremshwa, fundi hutazama jasho. Kama mahali pote palipolaliwa na mto pamelowa sawasawa, tandiko limekaa vyema. Pakiwapo sehemu kavu katikati ya jasho, hapo ndipo palipobanwa. Nywele nyeupe mgongoni ni hati ya vidonda vya zamani. Kisha hupitisha vidole taratibu kando ya uti, toka shingoni hata kiunoni, akitazama masikio na ngozi, kwa sababu punda ni mnyama wa kuficha maumivu. Hupiga sikio tu, au huuondoa mgongo kidogo. Msuli uliokakamaa hukandwa kwa kiganja, si kwa nguvu, na wala hakandwi penye kidonda au uvimbe wa moto. Hapo ni kwa daktari.

Tatu ni kumfundisha mwenye punda, na hiyo ndiyo kazi ngumu. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, na mara nyingi mtoto naye hupandishwa juu. Punda mwenye uzito wa kilo 150 anatoshwa na kilo 50. Kijana aweze kumwambia mzee maneno hayo kwa adabu, amwonyeshe kwa hesabu, na kesho arudi kuangalia. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mtu wa Madina, akamkuta ngamia aliyelia alipomwona, naye akamtuliza kwa mkono wake, kisha akamkanya mwenyewe kwa kumshindisha njaa na kumchosha. Tazama mpango huo: mkono kwa mnyama, na neno kwa mwenyewe.

Na sasa deni letu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na punda wa kubebea mahindi. Ulikuwa wakati wa mavuno, nasi tulimfunga magunia kwa kamba ya nailoni juu ya kipande cha gunia. Mtoto mmoja wa madrasa, wa miaka kumi na mmoja, alituambia: "Mwalimu, kamba inamla." Tulimjibu arudi kwenye somo lake. Tuliona kidonda, tukakifunika, tukapakia tena, kwa kuwa mvua ilikuwa karibu. Kidonda kikaingia hata mfupani, na punda yule akafa kabla ya Ramadhani. Mtoto yule ndiye kijana huyu ambaye baba yake alikuja kutulalamikia. Tulikuwa tukifundisha huruma ubaoni, naye akiisoma mgongoni.

Tulikwenda nyumbani kwa mzee yule, tukamweleza hayo mbele ya mwanawe. Kisha tukapanga pamoja njia ya riziki. Kijana aanze na majirani wachache, awe na daftari: jina la mwenye punda, kipimo cha mgongo, siku ya kuja, na malipo yaliyokubaliwa kabla ya kazi. Auze mito na mikanda, atengeneze iliyochakaa, na apite kila mwezi. Anayelipwa kwa kuzuia kidonda ana kazi ya mwaka mzima. Asichome sindano wala asiuze dawa, kwa maana uganga wa mifugo una sheria yake. Akitaka kufika huko, chuo cha mifugo cha LITA kipo Morogoro, na mafunzo ya ngozi hutolewa na DIT katika tawi lake la Mwanza.

Wala njia haiishii Kilosa. Huko Lamu, ambako punda ndiye gari la mji, hospitali yao ilifunguliwa na The Donkey Sanctuary mwaka 1987. Nairobi kuna uwanja wa farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, ambako masaisi hulishwa na farasi. Oman na Ghuba yote hawajaacha kupenda farasi. Lakini mlango wa yote hayo ni mkono uliozoea kusoma mgongo, na mkono huo hujifunza kwa punda wa jirani.

Sheria nazo zimeanza kumtambua mnyama. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mwaka 2022 nchi yetu ilizuia kuchinjwa kwa punda, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara ya ngozi zao. Punda aliyenusurika kisu asiuawe na kamba yetu.

Mzee yule alinyamaza kitambo, kisha akamwuliza mwanawe: "Mto mmoja unauza kiasi gani?" Kijana akataja bei yake. Mzee akasema punda wake mwenyewe anahitaji miwili. Nasi tukatoa fedha ya miwili mingine, ingawa hatuna punda tena. Mito hiyo imekwenda kwa mjane mmoja anayechota maji mbali. Deni halikulipika kwa hayo, ila angalau tumeanza.