Seva Ikinyamaza, Nani Alipe?

Reli iliyotoka kusini ilifika Bukama, mji wa Kongo ulio kando ya mto Lualaba, mwaka 1918 na kuishia hapo. Kwa miaka kumi mji ukaishi kwa kupokea na kukabidhi: shehena ilishuka kwenye behewa na kupanda meli ya Lualaba, hadi reli ya kwenda bandari ya Ilebo ilipokamilika mwaka 1928. Data ya leo husafiri vivyo hivyo, kwa kukabidhiana. Simu huipa mnara, mnara huipa mnara mwingine, kisha waya mkubwa, mpaka ifike kwenye seva iliyoko Kinshasa, Johannesburg au Ulaya.

Mnunuzi wa samaki wakavu wa maziwa ya Upemba akituma malipo kwa simu na malipo yakaganda, Bukama watakuambia ni rezo, yaani mtandao, basi. Kwa kampuni inayoendesha mfumo wa malipo jibu hilo halitoshi. Ni mnara uliozimika, waya uliokatika, au ni seva yenyewe? Hasara ni ya nani inategemea jibu.

Kazi ya kutafuta jibu imekuwapo miaka mingi na zana zake ni za bure. Ping, programu inayopima kama mashine ya mbali inajibu, iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983; Nagios na Zabbix, programu za kufuatilia mitandao, zilifuata baadaye. Kilichokuwa ghali ni fundi wa kukesha akisoma majibu ya zana hizo. Hapo ndipo wauzaji wapya walipoona soko. Tangu Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilipotoa MCP, itifaki ya kuunganisha akili mnemba na zana za nje, watengenezaji wamekuwa wakizifunga zana hizo za zamani ili ajenti wa akili mnemba aweze kuziita mwenyewe: apige ping, aulize DNS, ajaribu mlango wa seva, hata aingie ndani kwa SSH na kusoma kumbukumbu za mfumo.

Mambo hukwama kwenye kusoma majibu. Chukua jibu hili: paketi 4 zimetumwa, 0 zimepokelewa. Ajenti asiyefunzwa vizuri ataripoti kuwa seva imekufa. Kumbe ngome ya seva (firewall) imeamriwa tu isijibu ping, na ukijaribu mlango 443 unafunguka mara moja. Au mji unatumia setilaiti ya zamani iliyo juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 angani. Huko kwenda na kurudi kwa ujumbe huchukua zaidi ya nusu sekunde hata hali ikiwa shwari, hivyo zana iliyopangwa isubiri nusu sekunde tu haitapata jibu kamwe. Ajenti huyo akiwa amepewa funguo za kuwasha upya mashine, ataiangusha seva iliyokuwa nzima. Kwa maoni yangu, funguo anazostahili kupewa mwaka wa kwanza ni za kusoma tu.

Pia kuna bili. Matumizi ya akili mnemba hutozwa kwa kiasi cha maneno inayosoma na kuandika. Kumwamsha ajenti kila dakika ili aambiwe kila kitu kiko sawa ni kuchoma pesa. Programu ndogo isiyo na akili yoyote ifanye ukaguzi wa kila dakika, na ajenti aitwe pale tu majibu yanapogongana. Muuzaji anayetoza kwa matumizi hana haraka ya kukueleza hilo.

Ajenti pia hujua tu kinachoonekana kutoka pale alipo. Akiwa Ulaya, ataona seva ya Johannesburg inajibu vizuri huku Bukama nzima iko gizani. Agosti 2023 maporomoko katika korongo la chini ya bahari, nje ya mdomo wa mto Kongo, yalikata nyaya za WACS na SAT-3. Kati ya hizo mbili, WACS ndiyo inayotua Muanda, kwenye pwani ya Kongo. Ukiwa upande wa pili wa bahari ungeweza usione kasoro yoyote kwenye seva. Dawa yake si ghali: kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, yenye betri na laini za mitandao miwili, iwekwe mjini ipime kutoka ndani kwenda nje. Ajenti akipata vipimo vya pande zote mbili, ataweza kusema mnyororo umekatikia wapi.

Vipimo hivyo vinahitajika zaidi sasa. Mei 2025 Vodacom na Orange zilitangaza kushirikiana kujenga minara ya nguvu za jua katika vijiji vya Kongo, hivyo wa kukabidhiana wanaongezeka, na wa kurushiana lawama pia. Mkataba wa kawaida huahidi huduma asilimia 99.9 ya muda, yaani kukatika kwa dakika kama 43 tu kwa mwezi. Muuzaji wa huduma hupima dakika hizo mlangoni kwake. Mfanyabiashara wa Bukama anayetaka kurudishiwa chochote itambidi aandikishe kwenye mkataba, kabla ya kutia sahihi, kwamba zitapimwa Bukama, na kwa kifaa cha nani.