Mwambao wa Ziwa Viktoria Una Urefu Gani?

Mwanafunzi wa Mwanza atafutaye vitabuni urefu wa mwambao wa Ziwa Viktoria atakuta katika kimoja kilometa 3,440 hivi, na katika kingine zaidi ya 7,000. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na visiwa kama Ukerewe na Ukara, ambavyo wengine huvihesabu na wengine huviacha. Lakini hata visiwa vikiondolewa, swali haliishi.

Apimaye Ghuba ya Mwanza kwa hatua za kilometa 10 huziruka ghuba ndogo zote. Apimaye kwa hatua za mita 10 hana budi kuingia na kutoka katika kila moja; na kwa hatua za sentimeta 10 atazunguka kila jabali la ukingoni. Kipimo kikipungua, jumla huongezeka.

Basi urefu wa hatua ukielekea sufuri, idadi ya hatua hukua bila ukomo. Sufuri mara kisicho na ukomo ni ngapi? Wengi hujibu upesi: sufuri. Kumbe kanuni hiyo ni ya namba, na kisicho na ukomo si namba. Ni mwenendo wa kukua. Chukulia urefu wa hatua kuwa h. Idadi ya hatua ikiwa 12/h, zao ni 12 daima. Ikiwa 1/h², zao ni 1/h, nalo hukua bila mpaka. Ikiwa 1/√h, zao ni √h, nalo hufifia kuelekea sufuri. Umbo ni lile lile, majibu ni matatu! Jibu lipo, ila umbo peke yake halitoshi kulionyesha. Yafaa kujua kila upande wakimbia kwa kasi gani. Sufuri kugawanywa kwa sufuri ni vivyo hivyo.

Lewis Fry Richardson, Mwingereza aliyefariki mwaka 1953, alipima jambo hili. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1961, na Benoit Mandelbrot akayaeneza mwaka 1967. Katika pwani ya magharibi ya Uingereza, kipimo kikipunguzwa nusu, urefu huongezeka kwa karibu asilimia 19.

Ziwani penyewe hatua haiwezi kupunguzwa milele: ikifikia punje ya mchanga, huku mawimbi yakija na kurudi, hakuna tena mstari wa kupimwa. Darasani yatosha ramani ya Ghuba ya Mwanza na bikari. Wanafunzi waitembeze ukingoni ikiwa imefunguliwa sentimeta 2, kisha 1, kisha nusu, wakiandika jumla kila mara.